Aliyeliliwa Siku ya Arobaini ya Mama

Jumapili, tarehe 9 Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, halafu upepo wa kukata masikio, halafu manyunyu tena.

Naandika nikiwa bado na hasira, na najua mtu mwenye hasira hasimulii sawa. Kwa hiyo nitajitahidi kuweka na upande wa mwanangu, hata pale unaponiaibisha mimi. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nitakachoshindwa kupanga, nisamehewe.

Jana ilikuwa arobaini ya mama yangu. Alifia Tanga, akazikwa siku ileile kama ilivyo kwetu, na mimi mazishi niliyaona kwenye simu, nimesimama jikoni hapa Hayes, ughaibuni, na sare ya kazi mwilini. Ndiyo maana nilisema arobaini nitaisoma nyumbani kwangu. Wakaja wanawake tisa, wengine kutoka Wembley kwa mabasi mawili, wakagawana juzuu, wakasoma. Mimi nilikuwa nimeamkia pilau. Binti yangu, ana miaka kumi na sita, nilimpa kazi moja tu: kugawa chai.

Chai haikugawiwa.

Nikapanda juu na maneno yangu mdomoni tayari. Nikamkuta sakafuni, kaegemea kitanda, uso umevimba, analia kile kilio cha kwikwi. Siku arobaini nilikuwa nikilingoja chozi hilo. Habari ya msiba ilipokuja alinikumbatia, akaniambia pole mama, akaniletea maji, akarudi kwenye vitabu vyake. Sikumlaumu, lakini lilinikaa kooni. Basi jana nikakaa naye palepale chini, nikamshika, nikalia na mimi. Nikamwambia asishuke, chai nitagawa mwenyewe.

Huko chini wakaniuliza mtoto yuko wapi.

"Mwacheni tu," nikasema. "Analilia bibi yake."

"Mashaallah!" akasema Bi mkubwa mmoja wa Kizanzibari, mtu mzima kuliko sote. "Na wanavyosemwa watoto wa huku kuwa hawana imani! Huyu wako umemlea, mwanangu."

Nikajisikia. Siwezi kukataa, nilijisikia sana.

Leo asubuhi tunaosha masinia na vikombe nikamwambia, "Jana umenifariji. Bibi yako angefurahi."

Akaacha kusugua. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Hapa namwandika kwa lugha yangu.

"Mama, nikikwambia kitu utakasirika?"

"Sema kwanza."

"Sikuwa namlilia bibi."

Alikuwa anamlilia mwanamke wa kwenye gemu.

Nilitupa sponji ndani ya maji, povu likaturukia sote wawili. "Kwa hiyo nimesema uongo kwenye hitima ya mama yangu! Mbele ya watu na misahafu mikononi!"

"Wewe ndiye uliyesema, mama. Mimi hukuniuliza."

Kweli, sikumwuliza. Naliandika hilo, ingawa linaniuma.

Akanieleza mikono ikichuruzika maji. Mwanamke huyo ni mpiga upinde, mwenzi wako wa safari. Mkipiga kambi unaweza kuketi naye kando ya moto, na akijisikia atakusimulia habari zake. Hasimulii zote siku moja. Mwanzoni ni mkali, anakutukana. Anakwambia dada yake alikufa kwa homa. Baadaye sana, mkishazoeana, anakiri kwamba alimwacha dada mtu ng'ambo ya mto, akakimbia peke yake. Na jana, dakika chache kabla ya kugawa chai, binti yangu akamtuma akalinde daraja. Hakurudi.

"Mimi ndiye niliyemtuma," akasema, na machozi yakamlengalenga tena.

Mungu anisamehe, nilitaka kuichukua ile mashine yake ya gemu niitie kwenye pipa. Kuna watu wazima wanakaa ofisini mchana kutwa, wanalipwa, kazi yao kumtungia mtu asiyekuwepo dada, homa, mto na majuto, ili mtoto wangu amlilie. Na mama yangu alikuwepo! Alikuwa na mwili, na kikohozi, na kanga zake ziko kwenye sanduku juu ya kabati letu.

"Mwongo huyo!" nikasema. "Kamtelekeza ndugu yake! Huyo ndiye unayemlilia, na bibi yako mwema, mvumilivu, mcha Mungu, humlilii?"

"Ndiyo hivyo, mama. Mwema, mvumilivu, mcha Mungu. Jana wote tisa wamesema hivyohivyo, na wengine hawakuwahi hata kumwona. Kwenye simu alikuwa ananiuliza nimekula, nasoma, basi. Nilipokuuliza kwa nini bibi ana mdogo wake na hatumjui, uliniambia nile, chakula kinapoa."

"Marehemu hasemwi."

"Alikuwa hai nilipouliza."

Nikatoka jikoni.

Nilikaa chumbani muda mrefu, nikimpinga kichwani. Lakini kazi yangu ilikuwa upande wake. Ninalea wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa, na kila mzee ana karatasi ukutani, watoto wake wanaijaza: alikuwa nani, anapenda nini. Kuna mmoja ameandikiwa, "Mama yetu ni malaika." Mwaka mzima hatujui tumfanyeje. Mwenzake ameandikiwa kwamba alikuwa kondakta wa basi, anatukana ukimkatiza chai, na hajamsamehe kaka yake. Huyo tunamgombania. Mimi mwenyewe ndiye ninayewalaumu wale wa malaika, kila siku, kwa mdomo huu. Na mama yangu nimemjazia karatasi hiyohiyo.

Nikarudi jikoni. Alikuwa amemaliza vyombo.

"Bibi yako alikuwa na ulimi," nikamwambia. "Yeye na mama mdogo walinuniana miaka saba, na wanaishi ua mmoja, milango inatazamana. Mimi ndiye niliyekuwa tarishi. 'Mwambie huyo ahamishe kamba yake ya nguo.' Na huyo anasikia! 'Mwambie mwenzako kamba haina miguu.' Nasimama katikati na ndoo kichwani."

Akacheka. "Waligombana nini?"

Hapo nusura nimwambie chakula kinapoa, nikajizuia. Nikamwambia. Kwenye harusi moja, mbele ya watu, mama alimtolea mdogo wake neno kwa kuwa hakujaliwa mtoto. Binti yangu nimemtajia neno lenyewe, hapa siliandiki.

"Kosa la nani?"

"La mama." Sijawahi kulisema hilo tangu nizaliwe.

"Aliomba radhi?"

"Sijui. Walirudi kusemeshana, lakini mimi nilikuwa nimeshakuja huku. Ninachojua ni kwamba mama mdogo ndiye aliyemwosha alipofariki."

Hakulia, nisije nikaandika uongo mara ya pili. Aliuliza kama mama mdogo yuko hai, ana simu, na je, atakubali kuulizwa. Nikamwambia ajaribu, ila asianze na harusi. "Najua, mama," akasema. "Unaanza na vitu vidogo, unamwacha aseme mwenyewe." Nikajua alikojifunza, na sikufurahi. Wale wa ofisini bado nina hasira nao. Yule Bi mkubwa nitampigia kesho nimwambie ukweli, nikipata uso.

Jioni tumekula pilau la jana, tumelipasha, na kachumbari isiyo na pilipili kwa ajili yake. Akauliza bibi angelisemaje pilau hili. Nikamwambia angesema limekauka, na aliyelipika arudishwe kwao akafundwe upya. Akacheka mpaka akapaliwa, nikampa maji. Tumelimaliza lote, na ukoko tumeugombania.