Gari la Milango Miwili

Watu wa Tukuyu wakitaka kunichokoza huniambia kwamba mwanamke ndiye aliyenifundisha kukata kona. Sibishi, kwa sababu ni kweli. Mimi Nurdin ni fundi magari, gereji yangu iko nyuma ya stendi, na kwa miaka ishirini na miwili nimekaa kando ya madereva wa kila aina, wenye leseni na wenye kiherehere tu. Sijaona anayeshika usukani kama Ikupa.

Ikupa alizaliwa Kinyala, na baba yake alikuwa dereva wa trekta la kubebea majani ya chai. Alipofika miaka kumi na miwili aliweza kurudisha nyuma trekta lenye tela katikati ya mashamba bila kugusa mche hata mmoja. Asiyejua aulize: kurudisha tela nyuma ni kazi inayowatoa jasho wanaume wazima, na mimi ni mmoja wao. Baadaye akaolewa na rafiki yangu Lugano, mtoto pekee wa Mzee Ambindwile wa Masukulu. Lugano ni dereva wa malori ya Kongo, akiondoka haonekani mwezi mzima. Ikupa alibaki mjini akinunua maparachichi kwa wakulima, akiyabeba kwa Probox kuukuu ambayo niliifungua na kuifunga hadi nikawa naijua kuliko ninavyowajua wanangu.

Siku moja aliileta nibadilishe breki, nikakuta kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, kimegeuzwa juu kinaangalia dari. Nikakirekebisha. Mwezi uliofuata nikakikuta vilevile.

"Shemeji," nikamwambia, "unaendesha au unahesabu nzi darini?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Kisha akanieleza. Kwa Wanyakyusa wanaoshika ya zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawagusani, jina la mzee halitoki kinywani mwa mkwe. Wakikutana njiani, mkwe anaacha njia na kugeukia migombani mpaka mzee apite. Ni heshima hiyo, wala si ugomvi. Nyumba nyingi za mjini zimelegeza siku hizi, lakini Mzee Ambindwile hakulegeza hata uzi. Kila mwezi Ikupa alimpeleka kliniki ya presha, na mzee aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa nyuma kabisa ya kiti cha dereva na kujifunika blanketi kichwani. Ikupa naye akageuza kioo. Akishuka, mzee aliacha kitu kwenye kiti bila kusema neno: mkungu wa ndizi, maharage, siku nyingine kuku mzima amefungwa miguu. Wamesafiri hivyo miaka tisa, watu wawili wanaopendana ambao hawajuani sura.

Mimi babu yangu alikuja huku kutoka Kilwa akiuza nguo. Nimezaliwa hapa, nazika nao, nala nao, lakini yale niliyaona vichekesho. Nilisimulia habari ya kioo kijiweni na watu wakacheka. Sasa najisikia aibu hata kuandika.

Mwaka jana biashara ilimnyookea Ikupa. Akaanza kukodi Canter la kubebea mzigo, Probox akaiuza, akaja gereji na simu yake mkononi imejaa picha za magari ya Japani.

"Fundi, nimebeba maparachichi ya watu miaka yote hii," alisema. "Nataka gari lisilobeba kitu. La Jumapili tu. Na la kupeleka Mbeya kwenye maonyesho, nao waone kwamba Tukuyu tupo."

Huko Mbeya wenye magari ya mbio hukutana mara chache kwa mwaka kwenye uwanja mmoja. Wanaosha, wanang'arisha, wanafungua boneti, watu wanapita wakipiga picha. Ikupa alikuwa amekwenda mara tatu kama mtazamaji, na kila aliporudi alikuwa mkimya siku nzima.

Tulichagua kwa wiki tano. Ninasema tulichagua, maana sitaki kumwachia mzigo peke yake. Altezza tuliiondoa mapema, kila kijana wa Mbeya anayo. Zikabaki mbili. Ya kwanza ni Subaru Impreza yenye turbo, milango minne na mlango wa nyuma wa mizigo, inavuta kwa magurudumu yote, mvua yetu hii inyeshe itakavyo. Ya pili ni Toyota ile vijana wanaita eiti-siksi: milango miwili, imelala chini, inasukuma kwa nyuma, gia sita za mkono. Kiti chake cha nyuma ni jina tu, hata mbuzi angelalamika.

Mtu mwenye akili angechukua Subaru. Nilijua hivyo siku ile na ninajua leo. Lakini nami nilikuwa na ya kwangu moyoni. Subaru nimezifungua nyingi. Eiti-siksi nilikuwa sijaigusa hata moja, na nilijiona Mbeya nimesimama kando ya boneti lililo wazi, mikono nyuma, watu wakiuliza fundi ni nani.

"Shemeji, ukiwa na milango minne huku kwetu gari si lako, ni la ukoo," nilimwambia. "Kila msiba watakuita ubebe sufuria, mikeka, mikungu na wamama sita. Milango miwili nani atakuomba?"

Akacheka, kwa sababu ni kweli tupu. Halafu akairudia picha ya Subaru kwenye simu.

"Na yule wa Masukulu?" aliuliza. Jina hawezi kulitaja.

"Si utamkodia teksi," nilijibu.

Nilijibu upesi hivyo, kama mtu anayefukuza inzi. Naye alitaka kujibiwa hivyo, ndiyo maana hakuuliza tena.

Gari lilifika mwezi wa kumi na moja, jekundu. Siwezi kudanganya, ilikuwa furaha. Jumapili baada ya ibada Ikupa alinipitia, tukapanda kwenda Isongole ukungu ukiwa bado barabarani. Alikuwa hakimbizi gari ovyo. Mbele ya matuta alikuwa mpole kama bibi harusi, kwa trafiki alipita akisalimia, lakini zikianza zile kona za juu, mkono wake na gia na barabara vikawa kitu kimoja. Nilikuwa nashikilia mlango na kucheka peke yangu. Mwanamke yule alikuwa amesubiri maisha yake yote kufanya jambo lile.

Mzee Ambindwile alikodiwa teksi kwenda kliniki, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Mambo yalikwenda.

Maonyesho ya Mbeya yakapangwa Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Jumanne yake nilimfungia Ikupa klachi ya mashindano, iliyotoka Dar kwa basi. Ilikuwa ngumu kama kukanyaga jiwe, na inashika ghafla; asiyeizoea anazima gari hapohapo. Ikupa aliizoea kwa nusu saa. Mimi mwenyewe ilinichukua siku nzima.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile ya kwetu isiyo na haraka. Kama saa nne asubuhi nilikuwa chini ya pikapu ya mtu simu ikaita.

"Fundi, njoo," alisema Ikupa. "Njoo Masukulu. Nimeshindwa."

Kilichotokea ni hiki. Saa mbili mzee alianguka uani. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukakataa. Esnath, dada yake anayekaa naye, akampigia Ikupa. Ikupa akapigia madereva wa teksi: mmoja yuko Kyela, mwingine akasema barabara ya Masukulu kwa mvua ile hashuki. Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu Mbeya. Basi akashuka mwenyewe kwa eiti-siksi, ile iliyolala chini, kwenye matope yale, na akafika. Dereva mwingine asingefika, naapa. Majirani wakamleta mzee hadi barabarani wamemketisha kwenye kiti. Kiti cha nyuma cha gari hakikumtosha, mzee yule ni mrefu na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Kilichobaki ni kiti cha mbele, bega kwa bega na mke wa mwanawe.

Akakataa. Akashika ukingo wa mlango kwa mkono wa kushoto, ule mzima, na hakuna aliyeweza kuubandua.

Walijaribu mengine. Vijana wawili wa bodaboda walisema wanajua gari, Ikupa akawapa ufunguo. Wa kwanza alizima mara nne. Wa pili alilisogeza kwa kishindo, nusura alitie mtaroni. Klachi yangu. Wakajaribu kumpakia mzee kwenye pikipiki na mtu wa kumkumbatia nyuma, akateleza kama gunia, Esnath akapiga kelele wamshushe.

"Mpakieni kwa nguvu!" nilipiga kelele kwenye simu. "Shemeji, huu si wakati wa mambo hayo!"

"Nani ampakie kwa nguvu? Mimi?" Sauti yake ilikuwa inakatika. "Nikimgusa, fundi, na akafa, amekufa nimemvunjia heshima."

"Mpe Esnath simu, amwekee mzee sikioni."

Nilisikia mvua, kisha pumzi za mzee. Nikamwomba. Nilimwita baba, nikamwambia Lugano yuko mbali na ana baba mmoja tu. Alinijibu taratibu, maneno yakimkwama mdomoni.

"Nulidini. Hii gali ya watu wawili. Mimi na yeye. Umeona wapi?"

Nilikata simu. Nikachukua bodaboda.

Sitaki kuielezea safari ile. Pikipiki ilikuwa inateleza, mara mbili tulishuka tukaisukuma, na njia nzima nilikuwa nawatukana watu: nilimtukana mzee, nikamtukana Lugano na Kongo yake, nikaitukana mila yenyewe. Nilipowamaliza wote nikabaki mimi. Nilifika karibu saa sita.

Nilichokuta bado nakiona. Gari jekundu katikati ya barabara, mlango wazi. Mzee yuko kwenye kiti kando yake, Esnath amemshikia mwavuli. Hatua kumi nyuma yao Ikupa amesimama kwenye mvua, ufunguo mkononi, amewapa mgongo, anatazama migomba. Dereva bora kuliko wote wilaya hii alikuwa amesimama hivyo kwa zaidi ya saa mbili, gari likiwa zima na tangi limejaa, kwa sababu kugeuka tu kungekuwa tusi.

Mkono wa mzee ulikuwa umeshauachia mlango. Hakukataa tena kitu, hakuwa na uwezo huo. Tulimwingiza mbele, Esnath akajikunja nyuma magoti kidevuni, nikaendesha. Nilizima gari mara mbili kwenye klachi niliyoifunga kwa mikono yangu. Ikupa tulimwacha barabarani. Nafasi haikuwepo, na hata ingekuwepo asingepanda. Alikuja mjini kwa pikipiki baadaye.

Hospitalini daktari, dada mmoja mpole, aliuliza saa ya kuanguka. Nilipomwambia, alitazama saa ya ukutani na kuandika.

"Kiharusi hakingoji, kaka," alisema. "Mngefika asubuhi pengine tungezungumza mengine."

Jumamosi maonyesho yalifanyika Mbeya. Watu walinitumia picha, sikuzifungua.

Lugano alirudi baada ya siku kumi na mbili. Sikujua atasema nini, nikajiandaa kwa lolote. Alizunguka lile gari mara moja, akapapasa mlango wa abiria, akaniuliza, "Zilikuwa mbili mlizokuwa mnachagua, siyo? Ile nyingine ilikuwaje?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole. Ningefurahi kama angenipiga. Alikaa wiki tatu, tajiri wake mwenye lori akampigia, akaenda Kongo, kwa sababu lazima mtu aende.

Gari liko gereji kwangu chini ya turubai. Ikupa hataki kuliuza wala kuliona. Nilimwambia nitamtafutia Subaru, ile tuliyoiacha au dada yake. Alinitazama kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi.

Mzee hakufa. Yuko kwao Masukulu, upande wa kulia hauna kazi, maneno yamepotea. Esnath ni mzee naye, hawezi kumwinua. Watu wa kanisani walikuja mwezi ule wa mwanzo kwa zamu, kisha wakapungua. Wana mashamba yao. Wazee wa ukoo waliitwa watoe ruhusa mkwe amhudumie. Walikaa siku nzima, wakala, wakasema ruhusa hiyo anaitoa mwenyewe kwa kinywa chake. Kinywa chenyewe ndicho hicho. Wakaondoka.

Basi Ikupa anakwenda bila ruhusa, kila asubuhi, kwa bodaboda. Anamwosha, anamgeuza, anambadilisha shuka. Nilikwenda Jumapili kumsalimia mzee, nikawa nimeketi pembeni alipoingia na bakuli la uji. Mzee alisikia hatua zake. Mkono mmoja alionao ulikuwa umebanwa ndani ya blanketi, hakuweza kuutoa ajifunike uso. Ikupa alipiga magoti kando ya kitanda, akageuza uso wake ukutani, akanyoosha kijiko kwa kukisia. Mzee alifumba macho kwa nguvu, machozi yakimtoka, akafungua mdomo.