Koti Lisilo na Mgongo

Jumanne, tarehe 11 Juni. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu ya hapa na pale, upepo hakuna. Siku ya namna hiyo studio ya jirani huwasha taa zote mbili hata mchana, na mwanga wake hupita chini ya pazia ukafika hadi miguuni pa cherehani yangu. Ndiyo siku majina ya walioitwa kwenye usaili wa idara ya maji yalipobandikwa.

Kijana anayepiga picha katika studio hiyo tunamwita Injinia. Chuoni alisomea mambo ya maji: mabomba, pampu, matangi, na namna ya kuyasafisha maji machafu mpaka yakanyweka. Alipohitimu akaja kwa mjomba wake, mwenye studio, akaambiwa ashike kamera kwa muda, kazi ikipatikana aende zake. Muda huo sasa uko mwaka wa sita. Mtaani kwetu vijana huitwa kwa kazi walizosomea, si kwa kazi wanazofanya. Mhasibu anaosha magari pale kwenye kona. Mwalimu, binti mwembamba mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara, anauza viatu vya mtumba kwenye kibaraza changu. Mgeni akipita asubuhi akasikia, "Mwalimu, umemwona Mhasibu? Injinia anamtafuta," atadhani amepotea njia, ameingia mtaa wa wakubwa.

Tangazo la idara lilitoka mwezi wa tatu. Walitaka mafundi wa maji, watu wa mahesabu na makarani, wote wasiwe wametimiza miaka thelathini. Injinia alikuwa anatimiza thelathini mwezi wa saba.

"Hii ndiyo ya mwisho, Fundi," aliniambia, ameegemea mlango wangu. "Ikinipita hii, mimi si kijana tena. Sijazeeka, sijaoa, hata kitanda nalalia cha mjomba, lakini kijana si kijana. Wameshaandika."

Akacheka, nami nikacheka, kwa sababu alitaka nicheke.

Sasa nieleze habari za koti. Studio ina koti moja la bluu na tai moja nyekundu ambayo fundo lake limeshonwa, huvaliwa kwa mpira. Mtu akihitaji picha ya heshima na hana vazi la heshima, anavalishwa hilo. Mgongo wake niliupasua mwenyewe zamani, kwa maagizo ya mjomba mtu, kutoka kwenye kola hadi chini, nikatia jozi tatu za tepe za kufungia. Hivyo linamkaa mnene, linamkaa mwembamba. Kwa mbele mtu anaonekana bwana mkubwa au bibi wa ofisi; kwa nyuma ni tepe, na chini ya tepe ni fulana yake ya kila siku, pengine na tundu. Vijana wana utani wao. Aliyekwisha kuvalishwa huambiwa, "Zunguka basi, mheshimiwa, tukuone." Na upande wa kushoto wa kola pana alama ya pasi, inang'aa, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Mjomba aliisahau pasi mwaka fulani, basi ikabaki.

Tangazo lilipotoka walipanga foleni mpaka mlangoni kwangu. Walikaa mmoja mmoja kwenye kigoda, Injinia akawafunga tepe, akawainua kidevu, akawapiga picha. Mwalimu alipigwa. Mhasibu alipigwa, maji ya kuoshea gari bado yanamtoka kwenye suruali. Mwisho Injinia naye akalivaa, akamwomba Mwalimu abonyeze kamera.

"Wewe si una koti lako?" Mwalimu akamuuliza. "Lile la kijivu. Mbona unajidhalilisha na hili la mgongo wazi?"

Kweli alikuwa nalo. Mama yake alileta kitambaa mwaka aliohitimu, akakiweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto, akasema, "Fundi, usiniharibie." Nikalishona, bitana ndani, mifuko miwili ya kifuani. Alilivaa siku ya kupokea shahada, kisha likaingia kwenye mfuko wa nailoni na kutundikwa nyuma ya mlango wa studio.

"Lile la usaili," Injinia alimjibu. "Picha wanaona kifua tu. Siku ya usaili utaingia, utatoka, watakuona mpaka mgongo. Silichafui sasa hivi."

"Haya, bwana mipango. Kidevu juu."

Sote tuliona amesema la maana. Nani kati yetu angetoa koti zuri kwa picha ya ukubwa wa stempu?

Basi Jumanne hiyo alikwenda kwenye ofisi za idara, majina yamebandikwa kwenye uzio, watu wamesongamana na miavuli. Alisoma kuanzia juu, akasoma kuanzia chini. Lake halimo. La Mhasibu halimo, la Mwalimu halimo. Halimo hata la mmoja aliyekaa kwenye kile kigoda. Wengine waliondoka wakitukana kimoyomoyo. Yeye alizunguka jengo akatafuta dirisha la kuulizia. Alinisimulia baadaye, na naandika kama alivyonisimulia.

Dirishani palikuwa na karani, mama mtu mzima, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni.

"Jina halipo, halipo, mwanangu. Mimi siyabandiki."

"Shikamoo, mama. Sikuja kubishana. Naomba kujua nilikosea wapi, basi. Vyeti vyangu vimetimia."

"Marahaba. Vya wote vimetimia." Kisha akamtazama vizuri. "Unatokea mtaa gani?"

Akamtajia. Karani akavaa miwani.

"Nyinyi ndio wa koti?"

Injinia hakuelewa. Yule mama akafungua mlango wa pembeni, akamwonyesha chumba kidogo. Bahasha zilikuwa zimepangwa sakafuni mpaka zimeziba nusu ya dirisha, za chini zimeanza kujikunja kwa unyevu. Boksi moja lilikuwa peke yake karibu na mlango. Karani akachota maombi machache kutoka humo, akayatandaza juu ya kiti. Mwalimu, koti la bluu, tai nyekundu, alama ya pasi. Mhasibu, koti la bluu, tai nyekundu, alama ya pasi. Binti wa mwenye nyumba wangu. Mapacha wa nyuma ya msikiti. Na yeye mwenyewe, kidevu juu.

"Mkubwa alisema huyu ni dalali mmoja," karani akaeleza. "Anatengeneza maombi ya uongo, anabadilisha vichwa tu. Akasema wekeni kando yote."

"Mama, si dalali. Ni studio. Ni koti la studio."

"Sasa najua. Siku ile nani angejua? Yalikuja kwa magunia, mwanangu. Tukaambiwa tupunguze kwa jambo lolote linaloonekana kwa macho. Kuna walioondolewa kwa sababu bahasha imekunjwa."

"Vyeti vyetu mlivisoma?"

"Vya watu wa koti?" Akavua miwani. "Havikufunguliwa."

Halafu, kwa wema kabisa, akampa ushauri: "Mwakani mpige picha kila mtu na vazi lake."

"Mwakani nitakuwa nimevuka umri, mama."

Karani alirudisha maombi ndani ya boksi, akayasawazisha kingo kwa viganja, akafunga mlango.

Injinia alirudi mtaani mchana, shati limemganda mwilini. Hakuingia studio. Alikaa kwenye benchi la kibaraza changu, kati ya jozi za viatu, akawaita wenzake wawili akawaeleza yote. Angeweza kunyamaza, nani angejua?

Mwalimu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Yaani mkubwa kakaa pale, kaangalia uso wangu, uso wa Mhasibu mwenye ndevu, akasema ni mtu mmoja!"

"Kacheke mbele," Mhasibu akamwambia. Hakuwa anacheka. Kitambaa cha kuoshea gari alikuwa amekikunja mkononi. "Kwa hiyo, Injinia, kamera yako ndiyo iliyotumaliza."

"Kamera au koti?"

"Wewe. Una macho, ulitupiga wote. Hukuona tunafanana kama mabati ya dukani?"

"Niliona mmependeza," Injinia akasema taratibu. "Hiyo ndiyo kazi yangu, nihakikishe mmependeza."

Mwalimu akaacha kucheka.

Mjomba mtu alisikia sauti, akatoka na kikombe chake cha chai. Ni mtu mzuri, ila koti lile analipenda kuliko studio yenyewe. Alipoelezwa akatikisa kichwa.

"Koti halina kosa. Koti hili limeingiza watu benki, limeingiza watu hospitali, nyinyi hamjaota meno. Kuna mkurugenzi mmoja mpaka leo picha yake ya kwanza ni koti hili."

"Enzi hizo, mjomba, nafasi kumi zilikuwa na waombaji wanane," Injinia akasema. "Walikuwa na wakati wa kuwatazama watu usoni."

"Sasa mimi nifanyeje? Nikanunue makoti mia?"

Mvua ikaongezeka kidogo. Mwalimu akavuta viatu vyake ndani ya kibaraza, akawa anavipangusa kimoja kimoja.

"Nilipokuwa darasa la tatu," akasema, "tulipangwa mstari mbele ya mgeni rasmi tukaimba kwamba sisi ni taifa la kesho. Niliimba kwa nguvu mpaka nikapewa peremende. Sasa nina miaka ishirini na saba. Nauza viatu vya watu waliokwisha kuvivaa. Hiyo kesho niidai wapi?"

"Mimi naondoka," Mhasibu akasema. "Nimechoka. Nchi hii inatusubiri tuzeeke ili iseme tumechelewa."

"Unakwenda wapi?"

"Popote. Nikaoshe magari kwa watu wanaolipa."

"Na pasipoti?"

"Nitaomba."

"Picha utapigia wapi?"

Mhasibu akafumbua mdomo, akaangalia mlango wa studio, akaufumba. Hapo sote tulicheka, hata mjomba mtu. Injinia peke yake ndiye hakucheka.

"Kinachoniuma si koti," akasema. "Wangesoma wakanikataa, ningelala. Ningesema kuna wenzangu wanajua kuliko mimi. Nimekaa miaka sita nikiwaza siku nitakayoulizwa swali moja tu la maji. Usiku narudia majibu. Hakuna aliyeniuliza. Wamesoma kola."

Mhasibu alikitupa kitambaa begani. Akamgusa Injinia bega alipokuwa anapita, akarudi kwenye kona yake. Hakuomba radhi, wala Injinia hakudai.

Jioni, wakati wa kufunga, simu ya Injinia ililia. Nilikuwa nafagia vipande vya kitambaa, nikamsikia kupitia ukuta wa mbao.

"Shikamoo, mama... Hapana, bado hawajabandika... Ndiyo, lipo, nimelitundika vizuri... Halijaingia vumbi, mama. Wala nondo... Siku yenyewe nitakupigia kabla sijaingia."

Kisha taa za studio zikazimwa, ya kwanza, ya pili.

Jumatano, tarehe 12. Jua tangu mapema, barabara inatoa mvuke. Injinia alifungua kabla ya mjomba wake. Alikuja kwangu na mfuko wa nailoni mkononi.

"Fundi, niazime mkasi. Ule mkubwa."

Nikautazama mfuko, nikaelewa. "Hilo mama yako aliniambia nisiliharibu."

"Hujaliharibu. Umelishona vizuri sana, hakuna ofisi iliyowahi kuliona."

"Basi nipe nikukatie mimi. Utakata vibaya."

"Hapana," akasema. "Hili nakata mwenyewe."

Alilitoa, akalilaza kifudifudi juu ya meza yangu. Akapapasa mgongo kwa kidole mpaka akaupata mshono wa kati, akauanza kwenye kola. Hakukimbia. Alipofika kiunoni bitana ilimsumbua, akasimama, akaibana kwa kidole, akaendelea hadi chini. Vipande viwili vikafunguka mezani kama mlango. Nikampa tepe sita, sindano na uzi wa kijivu. Akashona mwenyewe, akiwa amesimama, mishono mikubwa isiyolingana. Nilimwacha.

Alipomaliza alikwenda kulitundika kando ya lile la bluu.

Mteja wa kwanza alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ameshika tangazo la ofisi nyingine lililokunjwa mara nne. Nilimsikia Injinia akimuuliza apigie lipi, la bluu au la kijivu. Binti akasema la kijivu, linaonekana jipya.

"Ni jipya," Injinia akamwambia.

Akamvalisha, akazunguka nyuma, akafunga tepe ya juu, ya kati, ya chini. Akarudi kwenye kamera, akamwambia ainue kidevu kidogo, akapiga.