Mguu wa Zuurakan na Kitako cha Kondoo

Kwao Zuurakan, ukitaka kujua umri wa mtu na heshima yake huna haja ya kumuuliza. Mtazame kwenye karamu, amewekewa mfupa gani. Alipoolewa, akiwa na miaka kumi na tisa, hakuwekewa mfupa wowote; alisimama mlangoni na birika la chai, akinusa. Alipomzaa binti yake Aizat akapewa mfupa wa mkono wa kondoo, ule wa chini, wenye nyama ya kumtia mtu hasira tu. Miaka ikaenda. Alikamua ng'ombe wa shamba la serikali mpaka shamba lenyewe likavunjwa, akafuma soksi za sufu, akamzika mama mkwe wake, na mfupa wake ukawa unapanda polepole: bega, kisha paja. Mwaka aliotimiza hamsini na sita, bibi wawili waliokuwa wakiketishwa mahali pa juu kuliko yeye wakafuatana kwenda kaburini, mmoja masika, mwingine vuli, na kwa mara ya kwanza akawekewa uucha, yaani kitako cha kondoo pamoja na mkia na mafuta yake yote, mfupa wa mwanamke mkubwa kuliko wote waliokaa. Alilia kidogo. Watu wakadhani anawakumbuka marehemu.

Miezi minne baadaye kidole gumba cha mguu wake wa kulia kikavimba kama kiazi.

Daktari wa wilaya, binti mdogo mwenye macho ya usingizi, alikitazama, akampima damu, akasema ni jongo, maradhi ya viungo yanayochochewa na nyama. Kisha akamtajia vya kuacha: nyama, supu ya nyama, maini, figo, ulimi. Zuurakan alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa majina ya jamaa waliokufa ajalini.

"Na kuku je, mwanangu?"

"Kuku ni nyama, mama."

Hilo alikuwa halijui. Akauliza na habari ya farasi, maana kila mtu anajua kwamba nyama ya farasi ni dawa. Daktari aliandika neno farasi kwenye karatasi, akalipigia mistari miwili chini yake.

Mumewe, Toktosun, mchunga kondoo tangu utotoni, alisema kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuacha nyama akiwa hai. Alisema viazi kazi yake ni kumsindikiza mtu mpaka kwenye nyama, si kumtelekeza njiani. Kisha akakitazama kile kidole, akavuka njia kwenda kula kwa dada yake Sairakan, ambaye nyumba yake inatazamana na yao.

Zuurakan mwenyewe hakuwa na hakika kama ameacha au hajaacha. Jumatatu aliacha. Jumatano alimpikia mumewe supu, na kwa kuwa hakuna mpishi mwenye akili anayetoa supu bila kuonja chumvi, alionja chumvi. Supu ile aliionja chumvi mara kumi na moja. Ijumaa kidole kikawaka moto hata uzito wa shuka akashindwa kuuvumilia, akalala mguu nje, akiapa. Hapo ndipo alipoacha kwelikweli: kabichi, viazi, karoti, mkate na maziwa, na mumewe akapewa ruhusa ya kuhamia kwa dada yake saa za kula.

Asilolifikiria ni pua za jirani. Nyumba isiyotoa harufu ya nyama wiki nzima ni nyumba iliyopatwa na jambo. Siku ya nane mama wa nyumba ya tatu alikuja na bega la kondoo limefungwa kitambaani, akamnong'oneza kwamba si aibu, kila mtu hupatwa na mwaka mbaya. Zuurakan akaeleza habari ya kidole. Yule mama akamshika mkono, akasema ndiyo, ndiyo, kidole, na kesho yake akamtuma mwingine na mbavu.

Hata hivyo siku ya ishirini na mbili mguu uliingia kwenye kiatu. Alitembea mpaka kwa ng'ombe bila fimbo, akakamua, akarudi, na moyoni akasema, basi, njia ni hii.

Siku hiyohiyo Aizat akapiga simu.

Aizat alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, na kwa wakwe zake walikuwa wanaandaa karamu ya kumlaza kwenye susu, kitanda cha kubembezea mtoto. Susu huletwa na mama wa mama, kwa hiyo pasipo Zuurakan hapakuwa na karamu. Nyumba ile aliiogopa kidogo. Mama mkwe wa Aizat, Burulcha, alikuwa mwanamke mrefu, msema machache na mwona mengi, na kwa miaka miwili Zuurakan hakuwa ameweza kutambua kama anampenda binti yake au anamhesabu tu pamoja na vyombo. Kila Aizat alipopiga simu, yeye alisikiliza pumzi kuliko maneno. Anakula? Analala? Aizat husema, "Niko salama, mama," kwa sauti ya mtu ambaye kuna mwingine amesimama karibu naye.

Basi Zuurakan akamwambia awaarifu mapema kwamba mama yake ameacha nyama kwa amri ya daktari, wasipoteze mfupa juu yake, viazi viwili vitamtosha. Alidhani anawapunguzia watu mzigo. Aizat hakuthubutu kumpelekea mama mkwe maneno kama hayo, akamwambia shemeji yake Nurdin, kaka mkubwa wa mumewe, aliyepewa kazi ya kugawa mifupa. Nurdin alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliandika kwenye karatasi, akashukuru, na hakumuuliza mtu mwingine.

Siku ya karamu wakaenda watatu: Zuurakan, Toktosun na Sairakan, susu imefungwa juu ya gari. Wakapokewa vizuri. Mtoto akalazwa, akafungwa kamba zake, akanyamaza kama mtu mzima, watu wakasifu. Zuurakan akaketishwa mahali pa juu, mbali na mlango. Mikono ikanawishwa, sinia zikaingia, na Nurdin nyuma yake na karatasi. Toktosun akawekewa mfupa wa nyonga, kama ipasavyo. Sairakan akawekewa uucha. Na Zuurakan akawekewa bakuli la viazi na karoti za kuchemsha, na jani la kitunguu juu yake, kwa pambo.

Vichwa thelathini vikageukia lile bakuli.

Sairakan alikitazama kile kitako mbele yake kwa hofu na furaha pamoja. Akamwinamia Zuurakan. "Wifi, wamekupa chakula cha ng'ombe."

"Nyamaza, wifi. Kula."

"Nile vipi? Mkia huu unanitazama."

Toktosun alijua habari yote ya kidole. Alikuwa amehama kwa ajili yake. Lakini kumwona mkewe na karoti mbele ya watu wa ukoo mwingine kulimfuta daktari kichwani. Aliweka kisu chini. Na mgeni mkubwa akiweka kisu chini, hakuna anayekula. Burulcha akamgeukia Nurdin, Nurdin akaonyesha karatasi, kisha akamtazama Aizat. Nyumba nzima ikamtazama Aizat. Alikuwa amesimama mlangoni na birika, na Zuurakan, toka kule juu, alimwona anarudi nyuma hatua moja.

"Ni mimi niliyeomba, mkwe wangu," akasema haraka. "Daktari kanikataza nyama. Ni mguu tu."

Watu wakatazamana. Kwao, mtu mwenye malezi akitukanwa husema maneno kama hayohayo. Mzee mmoja akamwambia mwenziwe, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyu mama ni muungwana, anawafichia aibu yao. Zuurakan akaeleza zaidi, na kila alivyoeleza ndivyo tusi lilivyozidi kukua. Alipoanza kuvua soksi ili waone kidole kwa macho yao, wanawake wawili wakamshika mikono, wakamsihi asikasirike kiasi hicho.

"Leteni kondoo," akasema Burulcha.

Kondoo dume mwenye baka jeupe usoni akaletwa mpaka kizingitini, ili Zuurakan amwombee dua kabla ya kuchinjwa, apate uucha wake mwenyewe. Afanye nini? Alifungua viganja, akaomba, watu wakaitikia amina. Kisha wakangoja kwa muda wa saa tatu. Zile sinia za mwanzo zikarudishwa, tambi zake zikashikana, wageni wakala mkate na kuangalia dari. Hakuna aliyethubutu kusema ana njaa.

Zuurakan alitoka kama mtu aendaye chooni, akapita jikoni, akamkuta binti yake peke yake akichochea moto, macho mekundu, na si kwa moshi tu.

"Nimekuharibia, mwanangu?"

"Bado. Ila usipokula, mama, nitaishi na hicho kitako maisha yangu yote. Nikivunja kikombe watakitaja. Mtoto akikohoa watakitaja."

"Na mguu wangu je?"

Aizat akasukuma kuni ndani ya moto. Alikuwa amekonda kidogo mashavuni, au labda ni mwanga. Zuurakan alimtazama, akarudi mahali pake, akaanza kupima mambo mawili ambayo hayapimiki kwa mizani moja.

Mfupa ukaja. Mvuke ukamwingia puani, na kinywa chake kikajaa maji bila kumwomba ruhusa. Watu wote walimtazama mkono. Akashika kisu, akasema bismillahi, akakata kipande kinene cha nyama na mafuta ya mkia. Halafu, badala ya kukipeleka kwake, akamgeukia Burulcha.

"Fungua kinywa, mkwe wangu."

Kulishwa kwa mkono wa mkubwa ni heshima isiyokataliwa. Burulcha akafungua. Watu wakapumua. Zuurakan akakata kingine kwa Sairakan, na kingine kwa Nurdin, kikubwa mno, hata mwalimu hakuweza kusema neno kwa muda, na hilo ndilo lililokusudiwa. Kisha akamwita Aizat. Mke wa mwana hapiti mbele ya wageni kwenda kulishwa mahali pa juu, lakini mgeni mwenye uucha ndiye aliyeita. Aizat akaja, akapiga magoti, akalishwa mbele ya wote kipande kizuri kuliko vyote, Burulcha akitazama. Toktosun akachukua kisu chake. Watu wakaanza kula kama waliotoka vitani.

Mfupa ulikuwa karibu mweupe. Zuurakan aliona amevuka salama. Ndipo Burulcha akakunja mkono wa nguo yake. Heshima ikitolewa hurudishwa. Akakusanya kwenye sinia nyama iliyokatwakatwa, tambi na mafuta, akaviminya vikawa donge la ukubwa wa ngumi.

"Na wewe fungua, mkwe wangu," akasema, kisha, kwa sauti ya chini ambayo Zuurakan hakuwahi kuisikia kwake, "Habari ya huyu binti sikuwahi kukuambia. Ananifaa."

Zuurakan alikusudia kumeza bila kuonja. Haikuwezekana. Siku zote zile za kabichi ziliyeyuka ulimini mwake, na machozi yakamtoka, na Burulcha, aliyedhani ni kwa ajili ya Aizat, naye akafuta macho. Hakukosea sana, nusu ya machozi ilikuwa ya Aizat. Donge la pili lilipokuja, kinywa kilikuwa kimefunguka tayari.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipokuwa njiani kurudi, mfuko wa nyama ya kupelekwa nyumbani mapajani mwa Sairakan, aliyekuwa anakoroma. Zuurakan alikuwa amevua kiatu cha kulia. Kidole kilikuwa kimeanza kuwaka.

Toktosun alikwepa shimo, akamgeukia mkewe. "Sasa mama Aizat, nijue nyumbani nile wapi. Umeacha nyama au hujaacha?"

"Nyumbani nimeacha. Kwa Burulcha sijaacha."

"Mpaka lini?"

Zuurakan akafikiri. "Mpaka Aizat azae wa tatu. Mwanamke mwenye watoto watatu hatajiwi kitako cha mtu."

Toktosun akahesabu kwa vidole kwenye usukani: karamu za susu, za kunyoa nywele za kwanza, za hatua ya kwanza, na ndoa za mashemeji. Akamtazama mguu.

"Ni karamu nyingi, hizo."

"Ni mguu wangu," akasema Zuurakan, akauweka juu ya mfuko wa sufu, akafumba macho. "Endesha taratibu kwenye mashimo."