Nilivyojikinga na Homa ya Ini

Jamani, moyo bado unanidunda nikisubiri kupimwa! Kaka Saidi, ninayekaa naye chumba kimoja hapa Msamala, aliniambia ana homa ya ini aina ya C. Niliona aibu kumuuliza inaambukizaje, nikaanza kujikinga kimyakimya. Nikatenga sahani na kikombe changu, hata mkono nikawa simpi. Nikajiona mjanja kweli!

Jumapili, siku yangu ya kwanza kuimba kwaya, nikachukua wembe dirishani, nikanyoa ndevu mbiombio, nikajikata. Saidi akaingia.

“We mdogo wangu! Ugali wangu unaukimbia, halafu unanyolea wembe wangu? Ugonjwa huu unapita kwenye damu, si kwenye sahani!”

Nikautazama wembe. Ulikuwa wake kweli, na damu iliyokuwa ikidondoka ilikuwa yangu.