Korosho za Mfukoni

Jirani yangu wa Neasden, hapa London, amefariki. Alikuwa Mhindi wa Kampala, mjane, na kwa miaka mingi tulizungumza juu ya ukuta wa bustani, yeye Kiswahili cha Uganda, mimi cha Unguja, tukichekana. Nilikuwa Hayes kwa binti yangu aliyejifungua, habari zikanifikia mazishi yamekwisha. Nimeumia, wasomaji wangu, na si kwa kumkosa tu.

Mwaka ule Wahindi walipofukuzwa Uganda, alishuka hapa na sari ya pamba na sanduku moja. Katika ukumbi wa kupokelea wageni makoti yalitundikwa juu ukutani. Bibi mmoja wa Kiingereza akatungua moja la kijani kwa bakora yake, akamvika, akamwambia kwa kicheko kuwa hilo ni reach-me-down. Neno hilo Waingereza wenyewe wamelisahau. Ndivyo walivyoiita nguo ya mtumba, kwa kuwa zamani dukani nguo zilining'inizwa juu, mnunuzi akaonyesha kwa kidole na kusema nitungulie ile. Jirani yangu alilipenda kwa sababu ndani yake mna mtu anayekutungulia. Sisi tukisema mitumba tunataja robota la nguo tu, aliyetoa hayumo.

Kwao, kama kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Koti nalo akaliweka kwenye kanuni hiyo. Jina la yule bibi hakulijua, na kila alikouliza hakupata jibu. Hata hivyo kila Diwali alitoa korosho kuukuu mfukoni akatia mpya, huenda mwenyewe akatokea. Nikamtania kwamba mwenyewe keshazikwa zamani. Hakucheka.

"Hii koti mimi nimeazimwa tu," aliniambia. "Nikifa, wewe rudisha. Na mfuko isiwe tupu."

Nikasema sawa, Mama, ingawa sikujua nitampelekea nani.

Niliporudi kutoka Hayes nilikuta kabati lake wazi. Wanawe ni watoto wema, walikuwa wakisafisha nyumba. Nikamuuliza mkubwa koti liko wapi. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza.

"It's all gone to charity, Auntie," akasema kwa upole, akanitilia chai.

Nikaenda hadi duka lenyewe la hisani walikozipeleka nguo zake zote. Dada wa kaunta akanieleza kwamba zisizouzika hapa zimeshafungwa robota na kuondoka, na nyingi huishia Afrika Mashariki. Nikalia mbele ya watu, maana sikuwa na la kufanya.

Basi huenda koti likafika Kampala, ambako yeye hakuthubutu kurudi hata mara moja. Sisi tuliopokewa ugenini na mikono tusiyoijua hatuna mlango wa kurudishia sahani. Labda ndiyo maana inatubidi kumpa yeyote anayefuata, na hilo halinifariji hata kidogo. Wewe utakayetunguliwa koti la kijani sokoni huko, tia mkono mfukoni. Ukizikuta korosho, ujue hazikuwa zako. Lakini kula.