Kitako cha Bakuli

Siku ile ya mabakuli kugandia tanurini hainitoki, mwanangu, na leo imenirudia tangu ulipobisha hodi. Umetoka kwa mumeo Hodge Hill, hata sijakusalimu umeshasema, "Am fine, Shangazi." Nani kakuuliza? Na koti hulivui, na humu ndani kuna joto. Mimi kukaa nimeshindwa. Nimeteleka chai, nimeizima, nimeteleka tena.

Basi sikiliza. Nilikuwa na umri wako, mgeni hapa Birmingham, nafanya kazi Hockley kwenye karakana ya Mama Keiko, Mjapani aliyekuwa akitengeneza vyombo vya kauri. Mimi nachovya mabakuli kwenye uji mweupe. Ukichomwa, uji ule ndio unaokuwa mng'aro. Ukishachovya, unafuta kitako kwa sponji kibaki udongo mtupu. Usipofuta, mng'aro unayeyuka, bakuli linagandia kwenye rafu ya tanuri.

Wakati huo mume wangu kashaniacha. Nalala na njaa, lakini mama akipiga simu kutoka Unguja namwambia, "Hatujambo, mkweo anakusalimu." Asubuhi moja kapiga nikiwa kazini, nikamwambia hayo hayo, nikarudi kwenye uji akili haipo. Nikachovya mabakuli yote yaliyoagizwa na watu wa harusi, kitako sikufuta hata kimoja.

Tanuri lilipofunguliwa, wallahi yalikuwa yanameta. Hakuna lililonyanyuka. Mama Keiko alikasirika kwelikweli.

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Hamna kitu," nikasema.

Akanitazama, akanipa nyundo na patasi niyabandue mwenyewe. Bakuli la kwanza lilipopasuka nikaangua kilio, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Mama yako anajua?"

Jioni nikampigia mama. Alinigombeza, we acha tu! "Umeachwa, unalala na njaa, na mimi huku najisifu kwa majirani!" Kisha akalia, nami nikalia, na usiku ule nilipata usingizi.

Mwanangu, watu wa huku mtaani kwetu Small Heath waonyeshe mng'aro, haya yako hayawahusu. Lakini bakisha mtu mmoja wa kumwonyesha udongo mtupu. Ukijing'arisha mpaka kitakoni, unagandia hapo hapo ulipo, na kutoka kwako ni kwa nyundo.

Haya, vua koti nione huo mkono unaouficha. Polepole. Mungu akulinde, akupe nyumba yenye amani, akutie nguvu ya kusema panapouma. Na leo hurudi Hodge Hill.