Bibi Alivyomzika Mchekeshaji

Mwezi uliopita nilitoka Gahanna kwenda Louisville, huku huku Marekani, kwa shughuli zangu, nikajikuta napita mtaa wetu wa zamani kule Iroquois. Baraza letu limezibwa kwa mbao. Mbele ya nyumba ya jirani palikuwa na pipa la takataka. Pipa tu, rafiki yangu, lakini lilinifanya nisimamishe gari.

Tulipofika pale kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, bibi alikuwa hacheki kabisa. Asubuhi, nikisubiri basi la shule, alikaa nami barazani akichambua maharage. Jirani yetu, mzee Mcheki, mtu wa Ulaya, aliyeishi peke yake, alikuwa akitoa pipa lake kila Alhamisi. Pipa lilikuwa linamgomea. Alilivuta, akajifanya limemvuta yeye, akaliomba msamaha, mwishowe akalivulia kofia. Siku ya kwanza bibi alicheka mpaka akamwaga maharage yote, na mzee akatuinamia kama yuko jukwaani.

Basi sahani zikaanza kuvuka uzio. Sisi tulipeleka ndizi na maharage, yeye akaleta madonge ya unga yenye tunda la plamu ndani. Bibi aliyaita maandazi yaliyokosa mafuta, na aliyamaliza.

Mkalimani wao nilikuwa mimi, ndiyo maana maisha yake nayajua. Ujanani alikuwa mchekeshaji mwenye jina huko Praha, akiandika michezo na kuiigiza mwenyewe. Mmoja ulimhusu bosi aliyekalia kiti kibovu huku wote wakikisifia. Wakubwa wa serikali wakajiona humo, wakampiga marufuku. Aliosha madirisha miaka kadhaa, kisha akakimbilia Marekani, akazeekea kiwandani. Kiingereza chake, alisema, hakikuwahi kumchekesha mtu.

Siku moja alinituma nimwambie bibi neno.

“Wenzangu huku wanazikwa kimya kabisa. Nikizikwa hivyo, nitakuwa nimefanya kazi bure.”

Bibi aliendelea na maharage yake, nikadhani hakusikia.

Mzee alifariki majira ya baridi. Mazikoni tulikuwa watu wachache, na mchungaji hakumfahamu. Binti yake, aliyetoka mbali, alikaa mbele macho makavu. Kilikuwa kimya kile kile alichokiogopa mzee. Ghafla bibi akainuka, akachukua kofia iliyowekwa juu ya jeneza. Mama alimvuta kitenge. Mimi nilimnong'oneza akae, tena kwa Kiingereza asichokijua, kwa aibu niliyokuwa nayo.

Kambini, msibani hakukosekana mtani, mtu wa kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke, na hakuna aliyemkasirikia. Bibi akavaa kofia, akaanza kuvuta pipa lisilokuwepo. Likamgomea. Akalivulia kofia. Yule binti akacheka, akalia, akacheka tena, na sisi sote tukamfuata.

“Mwambie binti nimemtania baba yake,” bibi aliniambia. “Sasa azikwe.”

Baadaye tulihamia Buffalo, na bibi akafia huko. Watu walijaa, kwaya iliimba vizuri, ratiba ikafuatwa. Watani wa kambini wametawanyika, wengine hawapo tena. Nami nilikuwa najua kila kitu chake: alivyopanda ngazi kwa ubavu, alivyoguna akionja maharage ya mwenzake. Nilikaa kwenye kiti changu na suti yangu mpya, nikiona haya. Bibi yangu tulimzika kimya, na mtu wa kusimama nilikuwa mimi.